Jaketi Ikae Mwilini, Si Kwenye Keria

Mwenye kutaka kujua hali ya jaketi za pikipiki katika Kaunti ya Kajiado asianzie dukani. Asimame Isinya Jumamosi saa saba mchana, pale barabara ya Namanga inapokutana na ile inayotoka Kiserian, atazame pikipiki kubwa zikipita. Waendeshaji waliotoka Nairobi alfajiri wakiwa wamefunga zipu hadi kidevuni sasa wamebaki na fulana. Jaketi iliyogharimu mshahara wa mwezi imekunjwa na kufungwa kwa mipira kwenye keria. Lami ni ile ile. Malori ya simiti ni yale yale, mbuzi wanavuka bila kukuangalia vile vile, na mshale wa kasi haujashuka. Kilichobadilika ni jua tu, nalo limetosha kumvua mtu kinga yake yote.

Kila nimsikiapo mtu akitafuta jaketi ya safari za mbali, swali lake la kwanza huwa ni kama inazuia maji. La pili ni kama ina joto. La kuanguka huja mwisho, na mara nyingi haliji kabisa, kana kwamba kulitaja ni kujiombea mabaya. Naona maswali hayo yamepinduliwa kichwa chini. Kwa anayeendesha huku kwetu, jaketi nzuri ni ile atakayokubali kubaki nayo mwilini saa nane mchana karibu na Ziwa Magadi. Mvua na baridi zina dawa nyingine, tena za bei nafuu.

Itazame nchi yenyewe. Ukitoka Kiserian na kufika Corner Baridi, kwenye bega la milima ya Ngong, uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Julai ukungu hulala pale asubuhi nzima, na manyunyu yake hayana nguvu ya kukusimamisha. Yanakulowesha taratibu hadi ushtukie vidole havishiki breki vizuri. Kisha barabara inateremka Bonde la Ufa, inapita Olepolos na Olorgesailie, na kukufikisha Magadi, mita 600 hivi. Ni safari ya chini ya kilomita 100. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita na nusu kila upandapo mita 1,000, kwa hiyo mteremko huo peke yake unakuongezea nyuzi tisa kabla jua la mchana halijafanya kazi yake. Aliyekuwa akitetemeka saa mbili asubuhi anaingia mjini Magadi joto likiwa nyuzi 35 na zaidi, huku amevaa bitana ya pamba iliyotengenezwa kwa ajili ya theluji.

Upande wa pili wa kaunti si mpole pia. Kutoka Kitengela hadi Isinya unapita uwanda wa Kapiti, ambao hauna mti wa maana wa kuvunja upepo. Kwa kanuni inayotumiwa na idara za hali ya hewa za Marekani na Kanada, hewa ya nyuzi 10 ukiipasua kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, ngozi huipokea kama nyuzi 4 hivi. Ndiyo sababu asubuhi za Juni na Julai mwanabodaboda wa Kitengela huonekana kama mlinzi wa usiku. Ukishapita mji wa Kajiado na kufika Bissil, kabuti linaanza kuwa adhabu. Ukikata kwenda Amboseli kuna vumbi laini la volkano linaloingia kwenye meno ya zipu hadi zipu igome. Ukifika Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, baridi inakurudia jioni. Na mvua ikianguka uwandani huanguka kwa hasira, ikageuza udongo mweusi kuwa kitu cha kuteleza na kunata kwa wakati mmoja, jambo ambalo sijawahi kuelewa linawezekanaje.

Wauzaji wana jibu lao, nalo huitwa jaketi ya misimu yote. Misimu yote ya nani? Jaketi hizo zilibuniwa kwa watu ambao baridi yao inaingia Novemba na kuondoka Aprili. Mjerumani hutia bitana ya joto ndani ya jaketi yake mara moja kwa mwaka na kuitoa mara moja. Msafiri wa Magadi anatakiwa kufanya hivyo asubuhi na jioni ya siku hiyo hiyo, kando ya barabara, kwenye miiba ya migunga, akitafuta pa kuiweka bitana aliyoitoa. Baada ya safari chache za namna hiyo anachoka. Anaacha bitana nyumbani na kupigwa baridi Corner Baridi, au anaacha jaketi kwenye keria.

Ufundi wa jaketi zenyewe unaeleza mengi. Juu kuna kitambaa kigumu, aghalabu poliesta nzito au nailoni ya aina ya Cordura. Katikati kuna utando mwembamba wa kuzuia maji unaopitisha mvuke wa jasho. Ule maarufu zaidi, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969. Ndani ni bitana ya joto. Katika jaketi za bei ya kati utando huo huning'inia ndani, mbali na kitambaa cha juu. Mvua haikufikii, ni kweli, lakini kitambaa cha juu kinakunywa maji hadi kinakuwa mzigo, mifuko inageuka mabeseni, na upepo unaoyakausha maji hayo unaendelea kukunyang'anya joto muda mrefu baada ya mawingu kuondoka. Yale matundu ya hewa ya kifuani, hata ukiyafungua yote, hewa inagonga utando na kugeuka. Katika jaketi ghali utando umegandishwa moja kwa moja na kitambaa cha juu, na hapo shida nyingi huisha isipokuwa ile ya pesa. Jaketi ya Klim iitwayo Badlands huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 1,000. Ongeza usafiri na ushuru, unakaribia bei ya pikipiki mpya ya Boxer. Sina ugomvi na mwenye uwezo huo, ila nimwambie kwamba hata utando bora hupitisha mvuke polepole, na jasho la mtu aliyeketi juu ya injini kwenye jua la Magadi halina subira.

Kwa hiyo jaketi ninayoitetea ni ya namna nyingine. Iwe na neti ngumu kifuani, mgongoni na upande wa ndani wa mikono, na kitambaa kizito au ngozi mabegani na viwikoni, mahali mtu anapotua. Isiwe na utando wala bitana. Hewa ipite. Asubuhi uvae sweta na kizuia upepo chembamba chini yake. Mvua ikija uvae koti la mvua juu yake. Vitu vitatu vya kawaida, kila kimoja na kazi yake, na hakuna kinachokulazimu kuvua kinga ya mabega ili upate hewa.

Wapinzani wa jaketi za neti husema hazidumu kwenye msuguano. Walikuwa na haki kwa jaketi nyingi za zamani, na bado wana haki kwa zile nyepesi zinazoonekana kama chandarua. Ndiyo maana lebo ya ndani isomwe kabla ya rangi. Neti yenyewe nayo ina mpaka wake upande wa joto: hewa ikizidi joto la ngozi, nyuzi 35 hivi, upepo hauburudishi tena, unapasha na kukausha mwili. Wanaoijua barabara ya Magadi humwagia fulana maji, wakavaa jaketi juu, wakafunga sehemu ya matundu. Maji yakikauka taratibu yanapoza kifua kama yanavyopoza mtungi.

Sasa hiyo lebo. Tangu 2020 Ulaya ina kipimo kiitwacho EN 17092, chenye madaraja matano. Daraja A, kwenye sehemu zinazoumia zaidi kama bega na kiwiko, hupimwa kwa msuguano sawa na wa kuanguka kwenye kilomita 45 kwa saa. AA ni 70. AAA ni 120. B inalingana na A kwa msuguano lakini haina kinga ngumu, na C ni vazi la kubebea kinga tu. Kwa safari za Namanga nisingeshuka chini ya AA, maana sijaona mtu akienda kilomita 45 kati ya Kitengela na Isinya labda awe amebeba mayai. Kinga za mabega na viwiko zina kipimo chao, EN 1621-1, na daraja la 2 ni bora kuliko la 1: la 1 huruhusu hadi kilonewtoni 35 zipenye, la 2 hadi 20. Mgongoni ndiko wenye viwanda hupenda kuokoa pesa. Jaketi nyingi huja na kipande cha sponji mahali pa kinga ya uti wa mgongo, hakina namba yoyote, kimewekwa ili mfuko usionekane mtupu. Kitoe, ununue kinga halisi yenye alama ya EN 1621-2.

Kuna utafiti wa Australia ambao kila mnunuzi angepaswa kuujua. Liz de Rome na wenzake waliuchapisha mwaka 2011 baada ya kuwachunguza waendeshaji walioanguka katika eneo la mji mkuu wa nchi hiyo, Canberra. Waliokuwa na jaketi za pikipiki walilazwa hospitalini kwa nadra zaidi kuliko wasiokuwa nazo. Lakini karibu tatu kati ya kila jaketi kumi, jaketi zilizouzwa kama za pikipiki, zilipasuka au kuharibika kiasi cha kushindwa kazi. Nchi hiyo haikuishia kusikitika. Tangu 2018 Australia na New Zealand zina mpango uitwao MotoCAP, unaonunua jaketi madukani bila kumwambia mtengenezaji, unazipima kwa usalama na, kando yake, unazipa alama za kustahimili joto. Matokeo husomwa bure. Mtu wa Kitengela akitafuta mwongozo wa jua linalofanana na letu, ushauri wa Australia utamfaa kuliko wa Uingereza.

Wengi wetu hatununui jaketi mpya hata hivyo. Tunanunua mtumba, Gikomba au soko la Kitengela, na humo mna hazina. Jaketi ya ngozi ya mwendeshaji wa Ulaya aliyestaafu inaweza kuwa imara kuliko nusu ya vitu vipya vilivyotundikwa madukani. Shida ni kwamba kwenye rundo moja kuna jaketi za pikipiki, za kuteleza kwenye theluji, na za kwenda disko, na muuzaji anaziita kwa jina moja. "Bosi, hii ni ya nduthi kabisa, shika usikie uzito." Uzito haushuhudii chochote. Bana ngozi kwa vidole: ya pikipiki huwa na unene wa zaidi ya milimita moja na haikunjiki kirahisi, ya urembo inajikunja kama karatasi. Geuza mkono ndani nje uangalie kama mshono wa bega umepitiwa na uzi zaidi ya mara moja. Tafuta mifuko ya kuwekea kinga begani na kiwikoni. Jaketi ya theluji haina. Kama ngozi ina nyufa kwenye mkunjo wa kiwiko, irudishe kwenye rundo hata kama bei ni ya kutupa. Na uijaribu ukiwa umeketi juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani, kwa sababu kinga iliyokaa kiwikoni ukisimama huhama mahali pake ukiinama.

Ngozi ina dosari yake: kwenye joto ni tanuri, kwenye mvua ni sifongo. Kwa anayeishi Kitengela na kufanya kazi Nairobi inatosha mwaka mzima. Kwa msafiri wa Magadi, hapana.

Nimesema sana kuhusu wenye pikipiki kubwa, na ni haki niwageukie wanaoendesha kilomita nyingi kuliko wao. Mwanabodaboda wa Kajiado amebuni mavazi yake bila lebo yoyote. Huvaa koti zito kinyumenyume, zipu mgongoni, ili upepo usipate mlango. Hufunga kifuani kipande cha rexine au ngozi bandia. Hutia gambuti msimu wa mvua na kusimika mwavuli juu ya pikipiki. Vijana wa Bissil wanaopeleka mbuzi sokoni hujitanda shuka juu ya koti, na shuka hiyo ni vazi la akili: inakunjuliwa na kukunjwa kwa sekunde, inakauka haraka, inafunika na abiria. Hofu yangu ni pembe yake inapopepea karibu na spoki za gurudumu la nyuma. Yote hayo ni majibu ya baridi na mvua, hasa hofu ya nimonia ambayo kila mwendeshaji ameirithi kwa mama yake. Hakuna hata moja linalojibu lami. Koti lililovaliwa kinyumenyume, mtu akianguka, linamfunga mikono.

Sheria yetu nayo inatazama upande mmoja. Kifungu cha 103B cha Sheria ya Trafiki, kilichoingizwa mwaka 2012, kinamtaka mwendeshaji awe na helmeti mbili na jaketi mbili zenye viakisi. Sidharau viakisi. Utafiti wa Auckland, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2004, uliona kwamba waendeshaji waliovaa mavazi ya kuakisi au ya kung'aa walikuwa na hatari ndogo ya ajali za kuumiza kwa asilimia 37. Kuonekana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kile kinachotokea baada ya dereva wa lori kutokuona, na kizibao cha kijani cha poliesta nyembamba hakina la kusema hapo. Zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka kwenye barabara za Kenya, na waendesha pikipiki ni kundi kubwa miongoni mwao. Mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, ingeweza kuanza kwa hatua ndogo: kutaja bega, kiwiko na mgongo katika maelezo ya jaketi inayokubalika, hata kwa miaka ya mwanzo kama ushauri tu.

Watu wataniuliza pesa zitoke wapi, na hapo ndipo Kitengela inanikera zaidi. Hatua chache kutoka mjini kuna eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, la Athi River, lililowezeshwa na sheria ya mwaka 1990. Kwa miaka mingi, tangu Marekani ilipopitisha mpango wa biashara na Afrika uitwao AGOA mwaka 2000, viwanda vya hapo vimeshona nguo za kuvaliwa na Wamarekani, na washonaji wengi hulala Kitengela. Kaunti inayotuzunguka ni ya ng'ombe na mbuzi. Kenya huuza nje ngozi nyingi ikiwa imechakatwa nusu tu, kisha tunailipia tena ikirudi kama jaketi ya mtumba kutoka Ulaya. Mikono ya kushona neti na Cordura ipo, ngozi ya kuweka mabegani ipo, wateja wamejipanga kwenye kila steji. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza kinga za plastiki zilizopimwa na kuziingiza kwenye mifuko.

Wakati huo huo, tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza nguo zilizoshonwa nje ushuru wa forodha wa asilimia 35, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Jaketi ya kinga huhesabiwa kama nguo ya kwenda harusini. Naelewa sababu ya kulinda washonaji wetu, lakini huwezi kumlinda fundi dhidi ya bidhaa asiyoitengeneza. Serikali imsaidie aitengeneze, au iondoe ushuru kwa jaketi zenye cheti hadi atakapoanza.

Mwenye shilingi za kuhesabu, nikiulizwa, ningempangia hivi. Kinga ya mgongo kwanza, maana inaweza kuhamishwa kutoka jaketi moja hadi nyingine kwa miaka. Kisha jaketi ya neti ya daraja AA au ngozi nzuri ya mtumba, rangi isiyo nyeusi. Nyeusi inapendeza pichani na inapika mtu. Fundi cherehani wa mtaani ashone mfuko wa kinga pale usipokuwepo, na atie mkanda wa kuakisi mgongoni badala ya kuvaa kizibao kinachopeperuka. Sweta ya sufu ya mitumba haigharimu kitu. Koti la mvua lichukuliwe kubwa kwa saizi mbili, lifunike jaketi na mifuko iliyojaa, na mwenyewe ajaribu kulivaa akiwa na glavu mikononi, kwa sababu wingu la Kapiti halisubiri mtu atafute tundu la mkono. Pesa ikibaki, isiende kwenye bitana. Iende kwa abiria wa nyuma, ambaye katika pikipiki nyingi ninazoziona zikielekea Namanga ndiye mwenye sweta tupu na mkoba mgongoni.